Mjukuu wangu alinificha maneno ya daktari

Mwanangu mshauri,

Sijui umri wako, ila nikisoma unavyowajibu watu nakuweka rika moja na binti yangu, kwa hiyo uniwie radhi nikikuita mwanangu. Mimi ni mzee wa miaka 68. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 31, mpaka siku tulipofunga mlango wa nyumba na ufunguo nikautia mfukoni kana kwamba tungerudi jioni. Ufunguo ninao mpaka leo. Mlango sidhani kama bado upo.

Baada ya miaka ya kambini tulipata nafasi ya kuhamishiwa nchi nyingine, na huu ni mwaka wa sita tuko hapa. Naishi na binti yangu, ambaye hufanya kazi zamu za usiku, na wanawe wawili: msichana wa miaka 15 na mdogo wake wa kiume wa miaka 11. Baba yao hatukufika naye. Watoto wanaiongea lugha ya hapa utadhani wamezaliwa nayo. Mimi nilihudhuria darasa mwaka mzima, nikatoka na salamu, tarakimu na majina ya siku. Mwalimu mzima! Wale watoto wagumu wa kushika niliokuwa nikiwakemea zamani, sasa ndiyo najua walikuwa wakijisikiaje.

Basi tangu tufike, mjukuu wangu wa kike ndiye mdomo wangu. Barua ikija anaisoma yeye. Benki, ofisi ya uhamiaji, mwenye nyumba akija kulalamika bomba linavuja, ni yeye. Alianza akiwa na miaka 10, mara tu ulimi ulipomkaa sawa, na sisi tulikuwa tukijivunia mbele za watu kwamba tuna mtoto mwenye akili za mtu mzima.

Miezi miwili iliyopita nilikwenda hospitali kusikia majibu ya vipimo vya damu. Binti yangu alikuwa ametoka kazini alfajiri, amelala, kwa hiyo mjukuu akaomba ruhusa shuleni akanisindikiza. Daktari alizungumza kwa muda mrefu huku akichora kitu kwenye karatasi. Mtoto akaitazama ile karatasi, kisha akatazama viatu vyake. Nikamuuliza, "Anasemaje?" Akanyamaza kidogo. Akaniambia, "Anasema uko sawa, Babu, ila utarudi tena." Nikamshukuru daktari kwa lugha yake, maana hilo neno ninalo, nikatoka nimenyoosha mgongo.

Baada ya wiki tatu ikaja barua, na safari hii aliifungua binti yangu. Nilikuwa na miadi kwa daktari bingwa na siku yenyewe ilikuwa imeshapita. Kipimo cha tezi dume kilikuwa kimetoka juu na walitaka kunichunguza zaidi. Hayo yote daktari alikuwa ameyasema siku ile.

Sitakuficha nilivyofanya. Nilimwita mtoto sebuleni, mbele ya mama yake na mdogo wake, nikamwambia ni mwongo. Nikamwambia nchi hii imemla heshima yote, hakuna kilichobaki. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, kwa lugha yetu, polepole kama mtu anayeokota maneno chini: "Mimi si mkalimani wako, Babu. Mimi ni mtoto." Akaingia chumbani. Tangu siku hiyo ananiamkia asubuhi, ananitakia usiku mwema, basi. Barua zinarundikana juu ya friji.

La pili huenda ukaliona dogo. Watu wetu wa hapa wana chama, na wazee wa chama waliniomba niwafundishe vijana lugha yetu na historia yetu kila Jumamosi. Nilifurahi hata nikanunua chaki kabla ya kujua kama ukumbi una ubao. Jumamosi ya kwanza walikuja vijana 19. Ya pili 11. Ya tatu walikuja wanne, na wawili kati yao ni hawa wajukuu zangu, tena walisukumwa na mama yao. Mmoja wa wale wengine alikaa na spika za masikioni tangu mwanzo hadi mwisho. Jumamosi iliyopita sikwenda. Nilisema kichwa kinaniuma.

Wazee wenzangu wanasema vijana wameharibika, wameshachagua upande wao. Mimi nimekaa na watoto miaka 31, sijaona mtoto anayeharibika kati ya Jumamosi ya kwanza na ya tatu. Ila naliogopa jibu lile jingine, kwamba nilichonacho hakina mnunuzi tena. Nilikotoka mimi nilikuwa mtu wa kuulizwa. Hapa mimi ndiye wa kuuliza: nibonyeze wapi, nipande basi lipi, nitie saini wapi. Nataka niwafae watoto hawa kabla sijaondoka. Niambie bila kunionea haya: nakosea wapi? Na mzee mkimbizi ana nini cha kumpa mtoto anayejua kila kitu cha hapa kuliko yeye?

Ni mimi,
Mwalimu asiye na darasa

*

Shikamoo Mwalimu.

Kabla ya wajukuu na kabla ya Jumamosi: umeshapanga miadi mingine? Nimeitafuta habari hiyo kwenye barua yako toka juu hadi chini, sikuiona. Umeandika jinsi ulivyokasirika, ukaandika juu ya chaki, lakini kuhusu afya yako umeishia pale pale alipoishia mjukuu wako.

Kipimo cha damu cha tezi dume kutoka juu si lazima iwe saratani. Tezi hiyo hukua kadiri mwanamume anavyozeeka, na hata maambukizi huweza kukipandisha kipimo. Lakini wa kukuambia ni lipi kati ya hayo ni daktari bingwa, na anahitaji kukuona. Binti yako apige simu wiki hii hii. Aseme mambo mawili: kwamba miadi ilipita kwa sababu ujumbe haukukufikia, na kwamba safari hii unahitaji mkalimani. Namaanisha mkalimani wa kazi, aliyefunzwa. Katika nchi nyingi zinazopokea wakimbizi hospitali zina utaratibu huo, ana kwa ana au kwa simu, na mara nyingi mgonjwa halipi chochote. Ila usipoomba, hakuna anayekukumbuka. Ataje lugha yenu kwa jina lake, na lahaja kama ina lahaja, ili usije ukaletewa mtu mnayeelewana nusu.

Najua kinachowafanya wazee wengi wakatae. Wanaogopa mkalimani atakuwa mtu wa kwao, na kesho habari za mwili wao ziko kwenye chama. Ni hofu ya haki. Omba mkalimani wa simu anayetoka mji mwingine, hata jina lako si lazima alijue. Na ukiwa naye, mtazame daktari, usimtazame mkalimani. Sema sentensi fupi fupi. Mwisho wa yote mrudie daktari ulichokielewa, kama ulivyokuwa ukiwataka wanafunzi wafanye: "Kwa hiyo umesema hivi na hivi, ndiyo?" Hapo ndipo makosa hukamatwa.

Sasa tuje kwa mtoto. Niruhusu nikuulize kama wewe unavyouliza darasani. Neno "tezi dume" katika lugha yenu, mjukuu wako alijifunza wapi? Mmeingia hapo akiwa na miaka tisa hivi. Lugha ya nyumbani anayo ya salamu, ya kutumwa, ya kukemewa, ya kucheka. Nani alikaa naye akamtajia viungo vya ndani vya mwili wa mwanamume? Na tuseme analijua. Kwa malezi uliyompa wewe mwenyewe, msichana wa miaka 15 anaanzaje kumtamkia babu yake sehemu hiyo ya mwili, macho kwa macho, mtu mwingine mzima akiwasikiliza? Akatazama viatu vyake. Mwalimu, ulichokiona pale ndiyo ile heshima unayosema nchi imeila. Alikuwa nayo yote, na ndiyo iliyomfunga mdomo.

Ukiacha aibu, kulikuwa na hofu. Daktari alimwambia mtoto kwamba huenda babu yake anaumwa vibaya, halafu akamtazama akisubiri aseme. Hakuna mtu mzima katika chumba kile aliyejua alichokuwa akikibeba, na alikibeba wiki tatu, akienda nacho shule na kurudi nacho. Kosa la kupoteza miadi ni kubwa, sitalipunguza, lakini si yeye aliyepaswa kuwa kwenye kiti kile. Ulipomwita mwongo, nadhani hilo neno lilimuuma kidogo kuliko lile la heshima.

Sisemi mtoto asitafsiri kabisa. Kuna kutafsiri kunakomkuza: kibao cha basi, maelekezo kwenye boksi la dawa ya mafua, mazungumzo na jirani mlangoni. Watoto wengi hujivunia kazi hiyo na hujifunza mengi. Lakini hospitali, uhamiaji, polisi, madeni na ugomvi na mwenye nyumba, hayo ni ya watu wazima. Yakipita mdomoni mwa mtoto humwachia kitu njiani. (Na kikao cha wazazi shuleni msimpeleke atafsiri habari zake mwenyewe. Sijaona mkalimani anayejinyima maksi.)

Kwa hiyo la kwanza unaloweza kumpa mjukuu wako halihusu lugha wala historia. Mwondolee mzigo wako kichwani. Chukueni zile barua juu ya friji, wewe na binti yako, siku yake ya mapumziko, mzipange: za haraka, za kusubiri, za kutupa. Nyingi mtazielewa kwa kuzipiga picha kwa simu yenye programu ya kutafsiri, na huyo wa miaka 11 atakuonyesha namna ya kufanya kwa dakika tano, akifurahi kuwa mwalimu wa mwalimu. Programu hizo hukosea, kwa hiyo barua ya sheria au ya hospitali iende kwa mtu. Zinazobaki zipelekeni ofisi inayohudumia wakimbizi, au kwa mtu mzima wa chama mnayemwamini. Msichana aione friji iko wazi bila kuambiwa.

Kisha umwombe msamaha. Najua si rahisi, na najua wako wazee wenzako watakaosema mkubwa hamwombi msamaha mdogo. Wewe ulimwaibisha mbele ya mama yake na mdogo wake; basi na msamaha uwe mbele ya hao hao. Usiufanye mrefu. "Nilikuita mwongo. Hukuwa mwongo. Nilikupa kazi isiyo ya mtoto, na kosa la kazi hiyo ni langu." Ukihisi neno "lakini" linakuja, funga mdomo. Usitarajie akukumbatie. Anaweza kuitikia tu "sawa Babu" akaenda zake, na ukakaa wiki nyingine nzima ukipewa salamu mbili kwa siku. Mwache.

Umeuliza una nini cha kumpa. Kuna mstari mmoja katika barua yako umenisimamisha kuliko habari zote za hospitali. "Baba yao hatukufika naye." Maneno manne, nukta, ukaendelea na lugha ya hapa. Sikuulizi alipatwa na nini. Ila nataka uone kwamba katika nyumba yenu jambo zito huwekwa katika sentensi moja na kufunikwa. Mtoto aliyekulia humo, siku alipokabidhiwa jambo zito, alifanya alivyoona mkifanya: "Uko sawa, Babu, ila utarudi tena." Nalo ni maneno machache, na nukta.

Ndiyo maana nakataa kwamba ulichonacho hakina mnunuzi. Unachonacho ni maneno ya yale ambayo yeye hana maneno yake. Namna ya kupanda basi la hapa anaijua. Hajui alitoka vipi huko, nani alimbeba, kwa nini mama yake hashiki simu ya namba asiyoijua. Anaishi ndani ya hadithi ambayo hajasimuliwa.

Katika Chuo Kikuu cha Emory huko Marekani, wanasaikolojia Marshall Duke na Robyn Fivush waliwauliza watoto maswali 20 kuhusu familia zao: unajua babu na bibi zako walikulia wapi, unajua wazazi wako walikutanaje, unajua habari ya jambo baya lililowahi kuipata familia yenu? Waliona kwamba watoto waliojua majibu mengi zaidi walielekea kujiamini zaidi na kuhisi wana usemi juu ya maisha yao. Baadaye yakatokea mashambulizi ya Septemba 11, 2001 huko Marekani, na walipowarudia watoto hao waliona wale wanaozijua habari za nyumbani ndio waliohimili vizuri zaidi. Usikimbilie kutunga mtihani wa maswali 20, Mwalimu, nakufahamu! Watafiti wenyewe wanasisitiza kwamba kukariri majibu hakufanyi kazi. Ukiona mtoto anajua mambo hayo, ni kwamba kuna mtu mzima nyumbani kwao ambaye amekuwa akikaa naye na kuzungumza, mara nyingi, kidogo kidogo. Na waligundua pia kwamba hadithi inayomsaidia mtoto zaidi si ile ya "tulikuwa matajiri tukapoteza kila kitu", wala ile ya ushindi mtupu. Ni ile inayopanda na kushuka: tulipata, tukakosa, tukasaidiwa, tukakosea, bado tuko pamoja.

Wazee wengi wakimbizi hushika ile ya kwanza peke yake, ya nyumba iliyopotea. Watoto wanaisikia kama lawama. Kwamba kila kizuri kilibaki kule, na wao ndio walioletwa kwenye mabaki.

Habari za umwagaji damu zisubiri. Wa miaka 11 anahitaji kujua mlipita wapi, nani aliwapa pa kulala, kitu gani kiliwachekesha katikati ya shida, maana lazima kilikuwepo. Wa miaka 15 anaweza kuuliza zaidi, na hasa atauliza habari za baba yake. Hilo si lako kulijibu peke yako. Kaa na binti yako kwanza, mkubaliane mtasema nini, yeye aseme na wewe uwe pembeni. Na kama lipo ambalo hamko tayari kulisema, semeni hivyo: "Lipo, ni gumu, nitakuambia ukifika wakati." Mtoto hulivumilia hilo. Anachoshindwa kuvumilia ni watu wazima kunyamaza kila anapoingia chumbani.

Na kuna kitu kimoja ukiache njiani. Walioshiriki kuwafukuza walikuwa na majina, na kabila au chama au dini yao. Huku mliko, watoto wa watu hao huenda wanasoma darasa moja na wajukuu zako. Simulia kilichotokea kama kilivyotokea, usikipake rangi, ila usimwachie mtoto orodha ya watu wa kuwachukia. Nimeona wazee wapole kabisa wakifanya hivyo bila kukusudia, kwa mzaha mmoja tu sebuleni.

Tuje kwenye Jumamosi. Vijana hao hukaa darasani siku tano kwa wiki, katika lugha waliyoanza kuisoma wakiwa wamechelewa, wakikimbia kuwafikia wenzao. Siku ya sita wewe ukawawekea ubao. Hata mimi ningekuja na spika za masikioni. (Huyo usimwekee kinyongo. Alikuja.) Kuna jambo jingine ambalo huenda hukulitazama: kijana anapojaribu kuongea lugha yenu ukumbini, wazee hufanya nini? Hucheka. Si kwa ubaya, wanafurahi, wanarudia alivyokosea, wanamwita mwingine aje asikie. Wewe ulicheka lini mara ya mwisho ulipokosea kwenye darasa lako la lugha ya hapa? Waambie wenzako wazi kwamba anayecheka anatoka nje. Wewe zungumza lugha yenu wakati wote, usichanganye kwa kujipendekeza, na wao wajibu kwa lugha yoyote inayowajia. Atakayesikia miaka miwili bila kuchekwa ataongea.

Ubao uache. Wao wawe na simu, warekodi, wewe uulizwe. Nakupa pa kuanzia. Wakimbizi wengi waliofika bila vyeti waliandikwa kwenye karatasi kwamba wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa kuwa ofisa alihitaji tarehe na wao walikuwa na mwaka tu, au hata mwaka hawakuwa nao. Waulize vijana: nani katika nyumba yenu ana siku ya kuzaliwa Januari 1? Utaona mikono. Wapo wanaodhani ni sadfa. Wapo wanaodhani wazazi wao ni wajinga. Kisha sema wewe binti yako alizaliwa lini hasa: mvua ilikuwa imeanza au imekatika, ilikuwa usiku au mchana, ulikuwa wapi, nani alikuja kukuita. Kazi ya wiki ni kila mmoja amwulize mtu mmoja wa kwao Januari 1 iliyo kwenye karatasi ilifunika siku gani. Andikeni majibu, na majina ya vijiji kwa tahajia sahihi. Kwa hiyo tahajia mwalimu wa miaka 31 ana kazi ambayo hakuna kijana wala programu atakayeifanya.

Wenzako wanaosema vijana wamechagua upande wao wanawatwisha uchaguzi ambao hakuna aliyeutaka. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 29, unataka elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake, kwa utamaduni na lugha yake, kwa maadili ya nchi anamoishi na ya nchi alikotoka. Yote yamewekwa katika kifungu kimoja, bila kumwambia achague. Hata shule ya wajukuu zako unaweza kuipelekea ombi kwa msingi huo, na shule nyingine hufurahi kumkaribisha mzee siku moja aje azungumze, akiwa na mkalimani. Usisubiri chama kikubaliane ndipo uanze. Mwishoni mwa 2024 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilihesabu watu milioni 123.2 duniani waliolazimika kuyahama makazi yao, na takriban 40 katika kila 100 ni watoto. Nyumba zenye mmoja anayekumbuka na mmoja asiyekumbuka ni nyingi mno.

Kuhusu binti yako sina mengi. Analala mchana, watoto wanarudi shule, wewe uko macho. Saa hizo ni zako, na hazihitaji lugha ya hapa. Mlango unafunguliwa na mtu ambaye hana haraka, basi. Ila wakija kukushtakia mama yao usiwe mahakama ya rufaa.

Na kama usiku hulali, au unaona kila kitu hakina maana, mwambie daktari huyo huyo, kupitia mkalimani huyo huyo. Wazee huwa hawataji hilo.

Mwisho, ufunguo. Umesema unao. Jumamosi ijayo utoe mfukoni uuweke mezani katikati yao, ukae. Usieleze. Wewe ni mwalimu, kimya kitakuwasha, utataka kukijaza, kivumilie. Mmoja atauliza ni wa nini, na huenda si mjukuu wako. Yeye huenda akawa amekaa nyuma, anatazama viatu vyake, anasikiliza.

Tarehe ya miadi ikipatikana niandikie, hata mstari mmoja.